Mwana wa Badala

Boma la Crull, mto Licking, Kentaki
29 Aprili 1786

Dada Kezia,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama, na kwa watoto wako Phebe na Levi. Mimi mzima, ila jino limenitoka kwa kutafuna nyama ngumu ya nyati. Mwambie Mama mbegu zake za kabichi ziliota vizuri, dubu akazila zote, nami nikamla dubu. Kwa hiyo kabichi zake nimezila, asinung'unike.

Najua utanikemea kwa kuandika Aprili, maana ninyi Wakweka mnaojiita Marafiki miezi mnaihesabu kwa namba ili msitaje miungu ya Warumi. Mkutano wenu ulishanifukuza siku niliposhika bunduki. Sasa watanifanya nini tena?

Tulipitisha baridi bila unga. Februari tulikwenda kuchemsha chumvi kwenye chemchemi, na hapo nikamkuta Mshawni mmoja, wa wale wenyeji wa ng'ambo ya Ohio, kijana mrefu mwenye pete ya fedha puani, ameinama anakunywa maji ya kijito kilicho kando. Nikampiga risasi ya shingo. Alikaa chini polepole akanitazama, nikamchuna ngozi ya kichwa kabla roho haijatoka vizuri. Ngozi yenyewe nimeitundika juu ya mlango wangu. Jabez mumeo alikataa kula nami wiki nzima.

Aliniuliza mbele za watu, "Enos, mama yake huyu leo anapika nini?"

Nikamwambia, "Anapika mahindi, shemeji, kama mama yangu. Na mwanawe angekupika wewe!" Boma zima lilicheka. Yeye hakucheka.

Dada, sasa kaa chini. Jabez amekufa.

Huku farasi tunawaachia wakale msituni na kengele shingoni, asubuhi tunawafuata kwa mlio. Kengele zote za boma hili alizifua Jabez. Washawni wamelijua hilo. Humkamata farasi, wakamvua kengele, wakajificha nayo kichakani na kuitikisa, na mwenye farasi huja kufa kwa miguu yake mwenyewe. Wiki tatu zilizopita, alfajiri, Jabez alisikia kengele ya jike letu ng'ambo ya kijito. Alitoka na hatamu tu. Unamjua, bunduki hakuishika hata ya kuulia bata. Tukasikia kengele imenyamaza. Tulipofika, palikuwa na kofia yake na damu juu ya majani.

Tuliwafuata hadi mto Ohio. Tulimpata mmoja aliyechelewa kuvuka, nikampasua kichwa kwa shoka huku mguu wake mmoja umo majini. Huyo nilimuua kwa ajili yako.

Sasa njoo. Mahindi aliyokuja kuwapandia ninyi nimeyapanda mimi, na huku ardhi ni ya anayeilima na kuishi juu yake. Ukikawia, mwingine atajenga. Uza mtambo wako wa kufumia, chukua watoto na Mama, mteremke na mto.

Mdogo wako asiyejua kuliwaza,
Enos


Bonde la Brandywine, Pensilvania
Siku ya 20 ya mwezi wa saba, 1786

Enos mdogo wangu,

Barua yako ilifika jana ikiwa imelowa na kukauka mara nyingi. Watoto hawajambo. Levi amepona surua, Phebe ametimiza miaka tisa na anasokota sufu vizuri kuliko mimi. Mama hatunaye. Alifariki mwezi wa sita, akiwa na akili zake zote, akakutaja wewe mwisho. Habari za kabichi hazikumfikia.

Nimeisoma barua yako peke yangu, kisha nikawasomea watoto nusu yake. Ile nusu nyingine sikuona mtoto wa kumsomea. Ulimchuna mtu angali anakutazama, halafu unaniandikia kama unayesimulia habari za dubu. Nilikubeba mgongoni ulipokuwa mdogo, Enos. Nimejiuliza ni lini nilikushusha mahali pabaya.

Haya, tuzungumze lililo kubwa. Umeandika kofia, umeandika damu, hukuandika kaburi. Jabez ndiye aliyenifundisha kusikiliza kengele. Farasi akila, kengele hulia ovyo, mara mbili, kisha kimya, kisha mara tano. Mkono wa mtu huitikisa kwa mpangilio. Wewe mwenyewe unalijua hilo, na yeye aliyeifua unataka niamini hakulijua?

Mimi si mjane mpaka mtu aniambie amemwona mume wangu amekufa. Siuzi kitu, wala siji kukaa juu ya ardhi ya mtu nisiyejua yuko wapi. Ninachokitaka ni Jabez, hai au mifupa yake, na sitaacha kukuuliza.

Uliuona mwili? Nijibu ndiyo au hapana, jinsi tulivyolelewa, bila viapo na bila maelezo.

Dada yako,
Kezia


Boma la Crull
12 Novemba 1786

Dada,

Salamu. Habari za Mama zimenikuta nikinoa shoka. Niliendelea kunoa mpaka likawa halina tena cha kunolewa. Basi, Mungu ampumzishe.

Uliuliza ndiyo au hapana. Nilipokuandikia mwanzo, hapana, mwili sikuuona. Umepata ulichokitaka. Sasa nisikilize.

Mwezi uliopita tulivuka Ohio, watu wengi, kila boma lilitoa wake. Kapteni Crull aliongoza kikosi chetu. Mji wa kwanza tuliukuta asubuhi, wanaume wao wengi wako mawindoni. Waliobaki walipigana vizuri, sitawanyima hilo. Mzee mmoja alisimama juu ya paa la nyumba ya magome na upinde, akamchoma Tobias Venn jichoni. Tulichoma nyumba akiwa juu yake na hakuacha kutupa mishale mpaka paa lilipodidimia. Wanawake walikimbilia mashamba ya mahindi. Watu wetu waliingia na farasi wakiwakata katikati ya mabua, hujui kipi ni bua na kipi ni mkono. Kapteni alipiga kelele tuwaache hai, tuwabadilishe na mateka wetu. Wengine walisikia, wengine hawakusikia. Mimi nilikuwa na damu mpaka kwenye viwiko, na nikwambie kweli, nilifurahi. Nilikuwa nikimlipia Jabez.

Tulichoma nyumba zote, tukafyeka mahindi yao yote na kuyachoma. Hawatakula mwaka huu.

Nyumba ya mwisho ilikuwa kando ya kijito, ina bomba la moshi la mawe, kazi safi ya fundi. Hapo sina la kusimulia.

Sasa naweza kukujibu. Jabez amekufa, Kezia. Nimeona. Ukiniuliza tena nitakujibu hivyo hivyo. Vaa ujane wako, omboleza, kisha uje. Kapteni Crull hana mke, ni mtu mzima mwenye ng'ombe, na anakuulizia. Nimemwambia una ulimi mkali, akasema nyumba yake inahitaji mtu wa kuikemea.

Enos


Bonde la Brandywine
Siku ya 8 ya mwezi wa pili, 1787

Enos,

Theluji imefika madirishani. Watoto wana mafua. Mwambie Kapteni wako atafute pengine mtu wa kumkemea.

Wiki iliyopita Mkutano wetu ulipokea mgeni, mwanamke anayeitwa Orpha Tingle. Washawni walimteka miaka minne iliyopita, na mlipouchoma ule mji alikimbia, akatembea hadi Pittsburgh na kitambaa kimefungwa miguuni badala ya viatu. Nilimpa kitanda changu. Siku ya pili alikiona kibano cha mkaa kilichoko kwetu, kile alichofua Jabez, akakishika akaanza kulia.

Akasema, "Fundi wa kazi hii namjua. Ni mtu mpole, mwenye kovu la moto hapa kidevuni."

Nikamwambia, "Ni mume wangu. Mdogo wangu ananiambia amekufa."

"Nani kakwambia kafa? Mama, yule mtu nimekula naye mahindi!"

Basi alinieleza yote, nami nakueleza wewe, ili usiseme hukujua.

Yule kijana mwenye pete ya fedha uliyemuua kwenye chemchemi ya chumvi alikuwa mtoto wa pekee wa kiume wa mwanamke mmoja mzee. Kwa desturi yao, aliyefiwa huchagua: damu kwa damu, au aletewe mtu wa kukaa mahali pa marehemu. Yule mama alisema, "Damu sitaweza kuilisha. Nileteeni mtu." Ndipo wakaja kwenye boma lenu na kengele.

Jabez alijua kwamba ni mkono wa mtu. Alimwambia Orpha, "Anayeitikisa kengele ana shida na mimi. Nilikwenda kumsikiliza." Wakampiga rungu, wakambeba. Mjini walijipanga mistari miwili na fimbo, kama wanavyowafanyia mateka, ili akimbie katikati wakimchapa. Hakukimbia. Alitembea, damu zikimtiririka, akimwamkia kila mmoja kwa Kiingereza. Walicheka mpaka fimbo zikawadondoka. Kisha wanawake wakamsugua mtoni kuondoa damu ya kizungu, wakampa jina la marehemu, na yule mama akampikia.

Kumbe alichukuliwa kwa sababu yako, Enos. Alikaa mahali pa mtu uliyemuua, akajenga karakana ya mawe, akawa mtoto mwema kwa mama aliyemlilia mwanawe. Na wewe uliifikia ile karakana, ndiyo nyumba yako ya mwisho yenye bomba la mawe. Orpha alikuwa amejificha kwenye mahindi. Alikuona mlangoni, bunduki mkononi. Alikusikia ukimwita mume wangu kwa jina. Kisha akakimbia, akasikia mlio wa bunduki mmoja.

Ulimpiga nani?

Kezia


Boma la Crull
17 Mei 1787

Kezia,

Salamu nimeziacha, najua huzitaki.

Ulitaka, basi chukua. Nilipiga mlango teke. Alikuwa amesimama pale ndani na kishungi cha nywele utosini, zilizobaki wamezing'oa, uso umepakwa rangi nyekundu, shati la kitambaa cha kaliko. Nilikaribia kumfyatulia. Kisha nikaona kovu la kidevu.

Nikamwambia, "Jabez! Shemeji! Ni mimi Enos. Twende nyumbani, bwana. Yamekwisha."

Akasema, "Enos, weka bunduki chini. Nyuma yangu yuko mama yangu."

"Mama yako alikufa Brandywine tangu ukiwa mtoto. Sogea."

"Huyu naye ni mama yangu. Amenilisha. Hawezi kukimbia, miguu yake imevimba. Sogea wewe."

Nyuma ya bega lake kulikuwa na kikongwe, mfupi, ananitazama. Ana pete ya fedha puani kama ya yule kijana wa chumvini. Kezia, alinijua. Sijui kwa vipi, lakini alinijua. Akaweka mkono wake begani kwa Jabez, kama vile ni wake kweli, kama vile hana dada yangu wala watoto Pensilvania. Nikampiga kikongwe. Risasi ilipita kando ya sikio la mumeo.

Jabez hakunirukia. Hata kunitukana hakunitukana, ningefurahi angenitukana. Alimwinua yule mama mikononi akatoka naye, akapita mbele yangu karibu kunigusa, akaingia kwenye mahindi yaliyokuwa yanaungua. Nilimwita. Hakugeuka. Mdogo wake Tobias Venn akamlenga mgongoni akidhani ni Mshawni, mimi nikaupiga mtutu ukaenda juu. Kwa hiyo ukitaka kujua, mumeo yuko hai kwa mkono wangu.

Nilikwambia amekufa kwa sababu nilikuwa naona ni heri uwe mjane kuliko kuwa mke wa mtu yule. Nikirudishwa mlangoni pale leo, nitapiga vile vile. Wamechinja watu wa boma hili, wamemkata mtoto wa Crull vipande kwenye uwanja wake mwenyewe. Ninyi huko mnakaa na kimya chenu kwenye mabenchi yenu, na ardhi mnayokalia nayo ilikuwa na wenyewe zamani. Nani aliwaondolea?

Shamba lako bado lipo. Mlango uko wazi.

Enos


Mji wa Washawni, kando ya kijito nisichoruhusiwa kukutajia
Siku ya 2 ya mwezi wa kumi na moja, 1787

Enos,

Mfaransa mchuuzi wa ngozi atakuletea barua hii. Ndiye aliyeniletea neno la Jabez wakati wa kiangazi. Jabez alisema hawezi kuja, kwa sababu yule mama aliacha binti mwenye watoto wadogo, na mashamba yao mliyafyeka. Alisema atasimama ukingo wa kaskazini wa Ohio, pale Mfaransa alipopataja, tangu mwezi wa tisa, kila siku, mpaka nije au nikatae. Niliuza mtambo wa kufumia, nikachukua watoto.

Mwenye mashua alikuwa mtu wa Pittsburgh, Gruber. Tulipomwona mtu mweupe ukingoni anapunga mkono na kuita, alikamata bunduki.

Akasema, "Mama, laza watoto chini. Yule ni chambo."

Nikasema, "Yule ni mume wangu."

"Kila chambo ni mume wa mtu! Tukisogea, kichakani watatoka hamsini."

Nilimwomba mtumbwi mdogo aliokuwa akiuvuta nyuma, akanipa kwa laana. Nilipokuwa katikati ya maji alifyatua juu ya vichwa vyetu. Risasi ilimpata Jabez begani. Alianguka akainuka, akaingia majini mpaka kifuani, akaushika mtumbwi kwa mkono uliobaki. Damu yake ilitulowesha wote watatu. Kichakani hapakuwa na mtu. Bega limepona, lakini nyundo hawezi tena kuinyanyua juu ya kichwa.

Tulifika kwa binti wa yule mama. Jabez humwita dada, kwa hiyo ni wifi yangu. Aliwapa watoto wangu chakula kabla ya wake. Nilipomaliza kula, aliniuliza jambo, na Jabez hakulitafsiri.

Nikamwambia, "Mtafsirie."

"Anauliza kama unamjua aliyemuua mama."

"Mwambie ninamjua. Ni mdogo wangu."

Jabez aliweka bakuli lake chini. Kisha akatafsiri. Wifi akauliza, "Anakaa wapi?"

Nikamwambia unakaa wapi. Ningeweza kusema sijui. Nililiwaza hilo, Enos, sitakuficha, lakini umesema uongo wa kutosha kwa ajili yetu sote wawili, na sikuweza kukaa kwenye nyumba ile nikila chakula chake juu ya uongo mwingine.

Kabla ya jua kutua walikuja vijana watano, watoto wa dada zake yule mama. Walikuwa wamejipaka nyuso rangi nyeusi, ya kulipiza kisasi. Walikuwa wavuke usiku ule ule, na walijua mpaka kisima mnachoteka maji. Nilipiga magoti mbele yao, mimi ambaye sijampigia mtu magoti tangu nizaliwe. Niliwaambia, "Nimesikia mna njia mbili. Ile ya pili iko wapi?"

Mkubwa wao akasema, "Ya pili ni mtu wa kukaa mahali pake. Umeleta mtu?"

Nikasema, "Nichukueni mimi."

Wakashauriana. Wakasema haiwezekani, mke hawezi kuwa mama wa mume wake. Phebe alikuwa amesimama mlangoni, ameyasikia yote kwa sababu baba yake alikuwa akitafsiri kwa sauti.

Akasema, "Mimi naweza."

Nilimwambia anyamaze. Jabez alimwambia anyamaze. Wifi alinyanyuka akaenda kumshika uso kwa mikono miwili, akamtazama, kisha akaanza kulia kwa sauti, na nikajua kwamba limekwisha na sina nguvu juu yake.

Walimpeleka mtoni asubuhi. Maji yalikuwa ya baridi ya kuuma. Walimsugua mpaka akawa mwekundu, akapiga kelele moja tu, akaniita mimi, nami nilikuwa nimeshikwa na wanawake wawili. Alipotoka walimvika pete ya fedha na jina la yule mama. Sasa wifi, mtu mzima, humwita mama. Jabez naye humwita mama. Wale vijana watano waliosha nyuso zao, wakamletea nyama ya paa, wakamwinamia. Anakula kwanza kabla ya watu wote. Usiku hulala nyumba ya pili, si kwangu, na nikimwita Phebe haitiki, kwa sababu amekatazwa, naye ni mtoto anayetimiza neno lake.

Levi ameniuliza kama naye atatolewa. Nimemwambia inategemea na mjomba wake.

Sikuchukii. Nimejaribu, ingekuwa rahisi zaidi. Lakini sina tena salamu za kukutumia. Ukisikia tena watu wanakusanyika kuvuka Ohio, nawe ukavutwa mkono, ujue kwamba atakayekuwa mlangoni ni mtoto wa miaka kumi ambaye hataruhusiwa kukimbia, kwa kuwa wao wanasema mama wa nyumba hakimbii.

Uhai ulio nao umelipwa na Phebe. Usiulete ng'ambo hii.

Kezia